Magwiji wa Chini ya Bahari: Rekodi Kumi za Miamba ya Kufungia Hewa ya Ukaa na Haidrojeni

Alfajiri pale soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, mnada ukishapamba moto, madalali wanataja majina bila kupumua: pweza, chewa, chaza, jodari, mzia, papa, ngisi, mkizi, kamba. Sasa tandaza ramani ya visima vya gesi asilia vilivyochimbwa kwenye kina kirefu cha bahari ya Tanzania kuanzia mwaka 2010, usome: Pweza, Chewa, Chaza, Jodari, Mzia, Papa, Ngisi, Mkizi, Kamba. Orodha ni ile ile!

Miamba yenye majina hayo ilisifika kwa kutoa. Siku hizi duniani kuna shindano jingine, la miamba inayopokea. Nchi zinatafuta mahali pa kufungia hewa ya ukaa isirudi angani, na mahali pa kuweka akiba ya haidrojeni, nishati isiyoacha hewa ya ukaa inapoungua. Ghala kubwa la vyote viwili liko chini ya ardhi, na sehemu yake iko chini ya sakafu ya bahari.

Kwa miamba yenye vitundu, wapimaji wanauliza maswali matatu. Je, kuna vitundu vya kutosha kuingiza gesi? Je, vitundu hivyo vinapitishana? Na juu yake kuna mwamba mwingine usiopenyeka, wa kuwa funiko? Hawa hapa mabingwa, mmoja baada ya mwingine.

1. Mkongwe kuliko wote: Sleipner, 1996

Taji la ukongwe baharini linashikwa na Norway. Gesi ya kisima cha Sleipner, Bahari ya Kaskazini, ilitoka na hewa ya ukaa karibu asilimia 9, wakati wanunuzi walitaka isizidi 2.5. Serikali ya Norway ilikuwa imeshaweka kodi ya hewa ya ukaa tangu 1991, hivyo kuiachia ipae lilikuwa jambo la gharama. Mwaka 1996 wakaanza kuirudisha chini, kwenye mwamba wa mchanga uitwao Utsira, mita 800 hadi 1,000 chini ya sakafu ya bahari.

Kasi yake ilikaribia tani milioni 1 kwa mwaka. Ipakie hewa hiyo kwenye semi za tani 30 kama zile zinazotoka bandarini kwenda Tunduma, na utahitaji semi 91 kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo. Mwaka huo wa 1996 Uwanja wa Benjamin Mkapa ulikuwa haujajengwa, na gesi ya Songo Songo ilikuwa bado miaka minane kufika Dar es Salaam.

2. Mashindano ya kina: Zafarani dhidi ya Norway

Wengine walibatiza visima vyao kwa samaki. Statoil, ambayo sasa ni Equinor, ilikwenda kwenye viungo: Zafarani, Tangawizi, Mdalasini, Giligiliani. Zafarani-1, kisima cha mwaka 2012, kilianzia kwenye maji yenye kina cha mita 2,582, kilomita 80 hivi kutoka ufukweni. Minara pacha ya PSPF, ambayo mvuvi akirudi Feri anaiona kabla hajauona ufukwe, ina mita 153. Panga minara hiyo mmoja juu ya mwingine: utahitaji karibu 17 ndipo kilele kitokeze juu ya maji. Na hapo tindo ya kuchimbia ndiyo kwanza inagusa tope.

Kwa upande wa kuhifadhi, Norway inajibu kwa mradi wa Northern Lights, ulioanza kuingiza hewa ya ukaa Agosti 2025. Ghala lake liko mita 2,600 chini ya sakafu ya bahari. Mita 2,582 za maji, mita 2,600 za mwamba: tofauti ni mita 18 tu!

Lakini mpimaji wa maghala hasifu kina cha maji. Maji marefu yanapandisha gharama ya kila bomba na kila meli. Anachokisifu ni mwamba ulio mbali chini na maji mafupi juu yake, na hapo Songo Songo, kisiwa cha Kilwa chenye gesi zaidi ya mita 1,500 chini, inaanza kuinua kidevu.

3. Bingwa wa kujikunja: hewa ya ukaa chini ya mita 800

Kwa nini kila mtu anataja mita 800? Kwa sababu kuanzia hapo joto na mgandamizo kwa kawaida huifikisha hewa ya ukaa kwenye hali ya ajabu: inakuwa nzito karibu kama kimiminika, huku ikiendelea kupenya kama gesi. Mpaka wenyewe ni nyuzi joto 31.1 na mgandamizo wa bar 73.8. Joto hilo Dar es Salaam ya Februari inalipita mchana bila jasho. Mgandamizo ndio kazi: ni zaidi ya mara 30 ya ule wa tairi la gari dogo.

Matokeo yake yanashangaza. Chukua kontena la futi 40, lile linaloziba mtaa mzima wa Kariakoo likishusha mzigo. Lina mita za ujazo 67. Lijaze hewa ya ukaa, kisha uishushe chini ya mita 800. Kontena zima linabaki pipa moja la lita 200 na ushee. Gesi imepungua zaidi ya mara 300, bila kupoteza hata gramu moja.

4. Bingwa wa kutanuka: haidrojeni

Mpinzani wake ni kinyume chake kabisa. Haidrojeni ni gesi nyepesi kuliko zote ulimwenguni, nyepesi mara 14 kuliko hewa tunayovuta. Kwa uzito haina mshindani: kilo 1 ina nishati ya uniti 33 za umeme, wakati kilo 1 ya gesi ya kupikia ina uniti 13 hivi.

Kwa nafasi, inakula ghala lote. Mtungi wa gesi wa kilo 15 mama lishe anaubeba kwenye bodaboda. Nishati hiyo hiyo ikiwa haidrojeni isiyoshindiliwa inajaza kontena zima la futi 40, na nyingine inabaki nje. Mtungi mmoja, kontena moja! Taifa linalotaka akiba ya miezi haliwezi kujenga matenki ya kutosha juu ya ardhi. Lazima lishuke kwenye miamba.

5. Pango kubwa kuliko yote la haidrojeni: Spindletop, Texas

Mwamba unaopendwa na haidrojeni ni chumvi. Wahandisi wanachimba kisima, wanasukuma maji, chumvi inayeyuka, maji ya chumvi yanatolewa, na linabaki pango. Kuta zake hazipenyeki kirahisi, na chumvi ikipata ufa hujifinya yenyewe na kuuziba.

Mkongwe wa mapango ya haidrojeni ni Teesside, Uingereza: mapango matatu yanayotumika tangu 1972. Mkubwa wao ni pango la Spindletop, Texas, la kampuni ya Air Liquide, kwenye kina cha mita 1,500 hivi, lenye karibu mita za ujazo 900,000. Simamisha kuta kuzunguka eneo la kuchezea la Uwanja wa Mkapa, umwage pango hilo humo. Litapanda mpaka mita 126, nafasi ya ghorofa chache tu chini ya kilele cha PSPF.

Sisi nasi tuna chumvi. Kati ya 1952 na 1964 kampuni za BP na Shell zilitafuta mafuta pwani yetu, zikachimba Mafia, Unguja, Pemba na Mandawa, kusini mwa Kilwa. Mafuta ya biashara hayakupatikana. Mandawa tindo ikaingia kwenye chumvi nene ya kale. Kwa mtafuta mafuta wa enzi hizo safari ilikuwa imeishia hapo. Kwa mtafuta ghala la haidrojeni leo, ndiyo kwanza inaanza.

6. Mzee mwenye heshima: mjusi wa Tendaguru

Bonde la Mandawa lina rekodi nyingine ya dunia. Kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, ndiko Wajerumani walikochimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Mmoja wao amesimama leo katika jumba la makumbusho Berlin, mita 13.27 kutoka kucha hadi utosi, mifupa mirefu kuliko yote ya dinosaria iliyosimamishwa duniani. Ni nyumba ya ghorofa nne!

Mjusi huyo aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Chumvi ya Mandawa ni ya zamani kuliko yeye. Mchanga unaoshika gesi ya Songo Songo ulitanda baada yake, lakini nao umevuka miaka milioni 100. Kwa mpimaji, umri huu ni cheti. Gesi iliyokaa mahali pamoja kwa mamilioni ya miaka imekwisha kulifanyia funiko mtihani ambao hakuna maabara inayoweza kuurudia.

7. Hazina kubwa kuliko zote nyumbani: futi za ujazo trilioni 57.54

Hiyo ndiyo gesi asilia iliyogunduliwa Tanzania, na trilioni 47.13 ziko kwenye kina kirefu cha bahari. Kwa vipimo vyetu ni mita za ujazo trilioni 1.63. Wagawie Watanzania wote 61,741,120 waliohesabiwa kwenye sensa ya 2022. Kila mmoja, hadi mtoto mchanga, anaondoka na kontena zaidi ya 390 za futi 40.

Kila futi ya ujazo inayotoka inaacha nafasi. Ndiyo sababu visima vilivyochoka vinaongoza orodha ya wapimaji katika nchi nyingi: vitundu vimekwisha kupimwa, funiko linajulikana, historia ya mgandamizo imeandikwa siku kwa siku, na bomba limeshalazwa. Letu la Songo Songo lina kilomita 25 za baharini na 207 za nchi kavu hadi Ubungo, safari ndefu kuliko ya Dar es Salaam hadi Morogoro. Lile la kutoka Mtwara, lililozinduliwa na Rais Kikwete Oktoba 2015, lina kipenyo cha inchi 36: mtoto wa miaka miwili anaweza kusimama ndani wima.

8. Ahadi kubwa iliyokwama: Gorgon, Australia

Mwaka 2019 mradi wa Gorgon, Kisiwa cha Barrow, uliingia ulingoni na ahadi ya kufungia tani milioni 4 kwa mwaka. Kwa semi zetu za tani 30, ni 365 kwa siku. Katika mwaka ulioishia Juni 2024 ziliingia tani milioni 1.6 hivi, yaani semi 146. Kilichowakwamisha ni mchanga. Ukiingiza gesi kwenye mwamba uliojaa maji, mgandamizo unapanda, hivyo lazima maji yatolewe kwanza. Visima vya kutolea maji vikaziba mchanga, na gesi ikakosa nafasi.

Afrika nayo ina bingwa wake wa kwanza: In Salah, Algeria. Kuanzia 2004 hadi 2011 jangwa lilipokea tani milioni 3.8, mzigo wa semi 126,000 na zaidi. Setilaiti zikaona kitu cha ajabu: juu ya visima, ardhi ilikuwa ikiinuka milimita chache kila mwaka. Wasiwasi juu ya funiko ukaongezeka, na uingizaji ukasimamishwa 2011.

Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote ya kupima. Ukubwa wa mwamba peke yake hauwezi kukuambia utapokea kwa kasi gani. Ndiyo maana meli za utafiti zinaburuta nyaya za kusikiliza mwangwi wa miamba zenye urefu wa kilomita 6 hadi 8. Ncha moja ikiwa Feri, nyingine inapita Kariakoo na kuvuka Magomeni.

9. Mlafi kuliko wote: vijidudu vya Lobodice

Huyu haonekani kwa macho. Huko Lobodice, Chekia, gesi ya mji yenye haidrojeni nyingi ilihifadhiwa kwenye mwamba wa mchanga wenye maji. Ndani ya miezi saba haidrojeni ikashuka kutoka asilimia 54 hadi 37, na methani ikapanda kutoka 22 hadi 40. Vijidudu vya chini ya ardhi vilikuwa vikila haidrojeni pamoja na kaboni iliyokuwamo, na kutoa methani. Ghala limevunjwa bila mlango kuguswa!

Ndiyo maana mwamba wa haidrojeni haupimwi vitundu na funiko tu. Unapimwa pia joto, chumvi ya maji yake na vijidudu vyake. Austria walijifunza hilo vizuri. Mwaka 2023, pale Rubensdorf, walifungua ghala la kwanza duniani la kuweka haidrojeni ya kiangazi hadi majira ya baridi ndani ya kisima cha gesi kilichochoka. Lina akiba ya umeme wa gigawati-saa 4.2. Kinyerezi I, yenye megawati 150, ingezalisha kiasi hicho kwa saa 28. Ghala dogo, lakini ndilo lililofungua rekodi hiyo.

10. Ghala kubwa la asili: Ziwa Kivu

Kwa majirani zetu wa Goma, Bukavu na Gisenyi, rekodi hii iko mlangoni. Ziwa Kivu, lenye kina cha mita 485, limeyeyusha ndani yake karibu kilomita za ujazo 300 za hewa ya ukaa na 60 za methani. Ukigeuza hewa hiyo ya ukaa kuwa uzito, unakaribia tani milioni 590. Sleipner, kwa tani milioni 1 kwa mwaka, ingelazimika kuanza kazi enzi za masultani wa Kilwa ndipo ifike hapo leo.

Kivu ni hifadhi isiyo na funiko la jiwe. Kinachoishikilia gesi ni uzito wa maji. Cameroon walilipa gharama ya hifadhi ya aina hiyo tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos lilipofumuka na kuua watu 1,746. Hewa ya ukaa ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, hivyo ilishuka mabondeni na kuwakuta watu wamelala. Watu wa Goma wanaijua sura ndogo ya hatari hiyo kwa jina la mazuku, mifuko ya gesi inayoua mifugo na wapita njia. Kuzunguka Kivu wanaishi watu wasiopungua milioni 2, zaidi ya wakazi wote 1,889,773 wa Zanzibar waliohesabiwa kwenye sensa ya 2022. Kila mwamba unaopimwa chini ya bahari unapimwa kwa sababu hii: funiko liwe la uhakika kabla tani ya kwanza haijashuka.

Medali za nyumbani

Mzigo wa kuhifadhi tunao. Kiwanda cha saruji cha Dangote, Mtwara, kina uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka. Kwa wastani wa dunia wa tani 0.6 za hewa ya ukaa kwa kila tani ya saruji, kikifanya kazi kwa nguvu zote kinaweza kufikia tani milioni 1.8, karibu mara mbili ya kasi ya Sleipner. Ongeza mitambo ya gesi ya Ubungo na Kinyerezi. Na taji moja la dunia bado halina mwenyewe: hakuna nchi yenye ghala la haidrojeni linalofanya kazi chini ya sakafu ya bahari.

Basi hii hapa orodha yangu.

*Shaba: chumvi ya Mandawa.* Ina unene na umri, na iko karibu na bahari. Inangoja kupimwa upya, safari hii kwa macho ya mtafuta ghala.

*Fedha: Songo Songo.* Iligunduliwa 1974, ikasubiri miaka 30, ikaanza kutuletea gesi 2004. Ndiyo yenye kumbukumbu ndefu kuliko zote nchini za mgandamizo na uzalishaji. Inakosa dhahabu kwa sababu bado inafanya kazi yake ya kwanza, na jiji linaitegemea.

*Dhahabu: Kiliwani Kaskazini.* Ndiyo ndogo kuliko zote, jirani kabisa na Songo Songo. Iligunduliwa 2008, ikaanza kuzalisha Aprili 2016 kwa kisima kimoja, na ndani ya miaka michache mgandamizo ukashuka na uzalishaji ukasimama. Mwamba umeshatobolewa, bomba liko karibu, na maji yake ni mafupi. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) na wanajiolojia wetu wakitaka kupima mwamba wa kwanza wa Afrika Mashariki wa kuhifadhi gesi chini ya bahari, waanzie hapo, na waanze sasa, kabla kisima hakijazibwa kwa saruji. Pweza, Chewa na Jodari watasubiri zamu yao, maana bado wamejaa. Mdogo wa Kilwa anaweza kuingia ulingoni leo!